Malipizi ya Udongo

Naomba nianze na kikapu. Kililetwa kwenye mkutano wetu Jumapili moja ya mwezi Oktoba, baada ya Misa, na mama mzee ambaye shamba lake liko chini ya kilima chetu hapa Nyangezi. Alikibeba mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, kama mama zetu wa Bushi wanavyobeba mihogo na kuni tangu zamani. Sisi tuliokuwa tumeketi tulisimama kumpokea, maana tulidhani analeta ndizi za matoleo. Hakuturuhusu kumsaidia. Alikitua katikati yetu, akakiinamisha, na vilivyomo vikamwagika sakafuni: mifuko myeusi ya plastiki, ile tunayoiita sashe, iliyojaa matope, chupa tupu, vikombe vilivyopasuka, utepe wa mapambo wa rangi ya dhahabu, na karatasi moja ya nyimbo. Karatasi hiyo ilikuwa na mwandiko wangu. Niliifunga mwenyewe ndani ya plastiki ili mvua isiiharibu, na kweli mvua haikuiharibu. Ubeti wa pili ulisomeka vizuri.

“Ni vyenu,” alisema. “Nimewarudishia.”

Ili mwelewe aibu yetu, lazima nirudi nyuma hadi mwezi Agosti. Tulikuwa tumeadhimisha sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15, kwa shangwe kubwa. Watu walikula, walikunywa, walicheza. Kesho yake kikundi chetu cha vijana kilifanya salongo. Tulifagia uwanja, tukakusanya kila kitu, tukajaza magunia saba. Maganda ya ndizi, makapi ya miwa, majani ya kufungia chakula, sashe, chupa, vyote tulivitia pamoja, tukavibeba hadi kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba za jirani, tukavimwaga. Hatukuficha. Korongo hilo ndilo jalala la watu wote wa upande ule. Jumapili iliyofuata tulisifiwa mbele ya waumini, na tulipiga hata picha tukiwa tumeshika mafagio.

Kisha zikaja mvua za Septemba. Yeyote aliyekulia katika milima yetu anajua maji yanavyoshuka hapa: hayatembei, yanakimbia. Chini ya korongo lile upo mfereji ambao mume wa yule mama, marehemu sasa, aliuchimba ili maji yapite kando ya shamba. Sashe zetu ziliuziba. Maji yalipokosa njia yao yaliruka ukingo, yakapita katikati ya maharage yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachipua, yakachukua udongo wa juu, ule mweusi, na kuacha ule mwekundu mgumu ambao jembe hulia unapolima.

Tulimwomba msamaha. Mmoja wetu akapendekeza tuchange fedha za kununua mbegu. Mama alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: “Watoto wangu, mbegu ninazo. Maharage nitapanda tena. Udongo je, mtautoa wapi?”

Hakuna aliyejibu. Katekista wetu, ambaye kwa kawaida ana jibu la kila swali, alikaa kimya kwa muda mrefu. Hatimaye alituuliza iwapo bado tunakumbuka mafundisho ya Sakramenti ya Kitubio. Tukataja majuto, tukataja maungamo, tukataja nia ya kutotenda tena. “Na malipizi?” akauliza. Sisi tumezoea kuyafikiria malipizi kuwa ni Salamu Maria tatu zinazosaliwa haraka kabla ya kutoka kanisani. Alitukumbusha habari ya Zakayo katika Injili ya Luka, ambaye alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia kusikitika, bali aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Aliyedhulumiwa fedha hurudishiwa fedha. Aliyedhulumiwa udongo?

Nakiri kwamba nilidhani swali hilo ni la mafumbo tu. Yule mama ndiye aliyelifanya liwe la kazi. Alituambia udongo unatengenezwa, na kwamba mama yake alikuwa akiutengeneza kila siku bila kujua kwamba anafanya jambo la ajabu.

Alitusimulia maisha ya zamani. Nyumba ilizungukwa na migomba, na nyuma ya nyumba ndipo kila kitu kilipotupwa: maganda ya mihogo, majivu ya jikoni, majani makavu, nyasi walizolalia ng’ombe pamoja na samadi yao. Hakuna aliyechagua wala kutenga. Migomba ilikula yote na ikazaa mikungu ambayo mtoto hakuweza kuibeba. Kisha vikaja vita, tangu mwaka 1996 na kuendelea, na mifugo mingi ya Bushi ikaporwa. Ng’ombe wakaondoka na samadi ikaondoka nao. Katika miaka hiyohiyo sashe zikazidi kuingia sokoni.

“Takataka zilibadilika,” alisema, “lakini mkono wa kuzitupa haukubadilika.”

Nimelitafakari neno hilo mara nyingi. Tumezoea kuwasikia wageni, na hata sisi kwa sisi, wakisema kwamba watu wetu ni wachafu kwa sababu hutupa taka nyuma ya nyumba. Si kweli. Kutupa nyuma ya nyumba kulikuwa busara kamili wakati ambapo takataka zote zilitoka ardhini na zilijua njia ya kurudi ardhini. Plastiki ndiyo iliyoingia katika desturi njema na kuiharibu kutoka ndani. Basi kilichotakiwa kwetu hakikuwa kuacha mwenendo wa babu zetu na kuiga wa wengine. Kilikuwa kutenga kile kisichojua njia ya kurudi, ili kinachojua kiachwe kiende.

Tukaanza. Chungu chetu cha kwanza cha mboji kilikuwa fedheha. Tulirundika maganda ya jikoni peke yake, mengi na mabichi, tukayashindilia kwa miguu kama watu wanaojenga ukuta. Baada ya wiki mbili yalitoa harufu ambayo iliwafukuza hata waimbaji wa kwaya waliokuwa wakifanya mazoezi mita 30 kutoka hapo. Mbwa walifukua usiku, kwa kuwa mtu alikuwa ametia mabaki ya nyama. Na tulipoyachambua tulikuta sashe ndani, kwa sababu kila mmoja wetu alimtegemea mwenzake azitoe.

Mama alikuja kutazama, akacheka kwa mara ya kwanza. Alitufundisha upya, na yale ambayo hakuyajua tuliyapata kwa mwalimu wa kilimo. Sasa tunafanya hivi. Tunachagua mahali penye kivuli, mbali na chemchemi, na juu yake tunachimba mfereji mdogo ili maji ya mlimani yasipite ndani ya mboji na kuisomba. Chini tunatandika vijiti na mabua ili hewa iingie. Juu yake tabaka la vitu vikavu: majani ya migomba yaliyokauka, maganda ya maharage, nyasi zilizokatwa. Kisha tabaka jembamba zaidi la vitu vibichi: maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya sombe na lengalenga, magugu ambayo hayajatoa mbegu. Kisha udongo kidogo na majivu kidogo, halafu tunarudia, hadi chungu kifike mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Kikiwa kidogo kuliko hapo hakipati joto. Kisha tunakifunika kwa majani mapana ya mgomba, kwa maana mvua za kwetu zikikipiga moja kwa moja hushuka na utamu wake wote. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, tatizo hugeuka: kinakauka na kulala usingizi, na ni lazima tukinyunyizie maji tuliyooshea mboga.

Katikati tunachomeka fimbo ndefu. Hiyo ndiyo mashine yetu pekee. Baada ya siku chache ukiichomoa na kuishika, inachoma kiganja. Vijana wadogo wa Kizito-Anuarite hupanga mstari ili waishike, na kila mmoja hupiga kelele kana kwamba ni wa kwanza kugundua. Ndani ya chungu wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wengi kuliko watu wa Kongo yote, wanaokula na kupumua, na joto lile ni jasho la kazi yao. Ndiyo maana wanahitaji hewa, na ndiyo maana kushindilia kwetu kwa mara ya kwanza kuliwaua. Fimbo ikitoka baridi tunajua chungu kinaomba kugeuzwa: kilichokuwa nje kiingie ndani, kilichokuwa chini kije juu. Tukigeuza kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa muda wa miezi mitatu hivi hakuna tena ganda wala jani linalotambulika. Kuna kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Maganda yote hayafiki huko. Katika nyumba nyingi za kwetu wapo simbilisi, wale wanyama wadogo wanaokimbia chini ya vitanda na kando ya mafiga, nao wana haki ya kwanza juu ya maganda ya viazi vitamu na majani mabichi. Kinyesi chao na nyasi walizolalia huja kwenye mboji baadaye. Ni ng’ombe wa maskini, alisema mama yule, na hakuwa anafanya mzaha. Tahadhari moja naitaja kwa sababu wengi hawaijui: mgomba uliopatwa na mnyauko, ule ugonjwa ambao umemaliza mashamba mengi ya Kivu ya Kusini, hatuupeleki kwenye mboji. Tunauacha palepale ulipougua, na panga lililoukata tunalipitisha kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Tukiuhamisha, huenda tukabeba ugonjwa ndani ya kikapu cha mbolea na kuupeleka kwa mtu tuliyekusudia kumsaidia.

Wakati huo ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza barua ya Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato Si’, ya mwaka 2015. Nilikuwa nimeisikia ikitajwa katika mahubiri, nami nikadhani ni barua kwa ajili ya wenye viwanda. Katika namba 22 anaeleza jambo ambalo mama yule angeweza kumsimulia: kwamba katika maumbile mmea humlisha mnyama, mnyama humlisha mnyama, na mabaki ya wote hurudi kuzaa mimea mipya, lakini viwanda vyetu havijajifunza kupokea tena vile vinavyovitoa. Na katika namba 211 anashuka hadi jikoni, anataja kutenga taka na kupunguza matumizi ya plastiki miongoni mwa matendo madogo ya kila siku yanayostahili kuitwa upendo. Nilifurahi kuona kwamba Papa hakuona haya kuzungumzia pubeli.

Na plastiki? Hapa siwezi kuwapamba kwa maneno, kwa kuwa hatujashinda. Chupa zina wenyewe: tunaziosha na kuwauzia akina mama wanaouza mawese, asali na kasiksi kando ya barabara ya kwenda Kamanyola. Mikebe ya bati huchukuliwa na mafundi wanaotengeneza babula na taa. Sashe nzima tunazijaza udongo na kuzifanya viriba vya miche ya miti, nasi huhakikisha zinaondolewa siku ya kupanda. Sashe zilizochanika hakuna anayezitaka. Tuliacha kuzichoma, maana moshi wake ulikuwa ukiingia katika nyumba ya mtoto mwenye pumu. Tunazikausha na kuzishindilia ndani ya bidoni kuukuu, na bidoni hizo sasa ni nne. Betri za redio tunaziweka kando, kwenye ndoo yenye kifuniko, zisikutane na udongo wala maji. Mtu aliniuliza tutazipeleka wapi. Nilimwambia ukweli: kwa sasa, popote pasipo shamba la mtu.

Mwaka huo nilitumwa Bukavu kwa shughuli za vijana, na mwenzangu mmoja akanipeleka kuona bwawa la Ruzizi ya Kwanza, ambalo limeupa mji umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu palepale mjini, na yote ambayo mvua hufagia kutoka milima ya Kadutu na Ibanda, kupitia mifereji na mto Kawa, huishia ziwani. Kutoka ziwani maji huyasukuma hadi bwawani. Niliona maji yaliyofunikwa kwa chupa na sashe hata nikadhani mtu angeweza kutembea juu yake. Wafanyakazi walikuwa wakizitoa. Zikizidi huziba mitambo, na mji hukaa gizani. Nikakumbuka mfereji wa marehemu yule uliozibwa na magunia yetu saba. Lilikuwa jambo lilelile, ukubwa tu ndio uliotofautiana. Na maji ya milima yetu ya Nyangezi nayo hushukia Ruzizi hiyohiyo, chini ya bwawa, kisha yanakwenda hadi Ziwa Tanganyika. Kuna mtu Uvira ambaye hatutamwona kamwe, naye hupokea vitu vyetu.

Wanaovuka mpaka kwenda Rwanda wanajua kwamba sashe haivuki. Kule zimepigwa marufuku tangu mwaka 2008. Kwetu pia ipo amri ya serikali ya Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya aina hiyo. Nenda sokoni leo ununue nyanya, utapewa ndani ya sashe kabla hujaomba. Siwalaumu akina mama wauzaji, kwa kuwa mteja anayekuja mikono mitupu ndiye anayeidai. Katika kikundi chetu tulikubaliana jambo dogo: kwenda sokoni na kikapu. Wavulana waliona haya. Walisema kikapu ni cha wanawake. Mabishano hayo yalichukua mikutano miwili, na yalikuwa makali kuliko yale ya mboji, kwa sababu yaligusa kile ambacho kila mmoja anataka watu wafikiri juu yake. Hadi leo wako watatu wanaotia nyanya mifukoni mwa koti badala ya kubeba kikapu. Tumewaacha. Nyanya zitawafundisha.

Katika mfano wa mtini, sura ya 13 ya Luka, mwenye shamba anataka mti usiozaa ukatwe, na mtunza shamba anaomba aachiwe mwaka mmoja tu, ili aupalilie na kuutilia mbolea. Nimewahi kuusikia mfano huo ukihubiriwa mara nyingi, na kila mara mkazo uliwekwa kwenye shoka. Sikuwahi kumfikiria yule mtunza shamba akitafuta mbolea. Aliipata wapi? Lazima kulikuwa na chungu mahali fulani, nyuma ya nyumba, alichokuwa akikigeuza tangu zamani kabla mtu hajatishia kuukata mti. Huruma aliyoiomba tayari ilikuwa na harufu na uzito, na ilikuwa imekwisha kumchosha mgongo.

Tulipeleka mboji ya kwanza kwa mama yule mwezi Februari, kabla ya kupanda tena. Chungu kilichokuwa kimefika kifuani mwangu kilikuwa kimeshuka hadi magotini. Tulijaza vikapu 18, tukashuka navyo kilimani kwa mstari, wasichana na wavulana, na safari hii hakuna aliyepiga picha. Alituonyesha mahali pa kumwaga, kwenye ule udongo mwekundu. Tulipotandaza yote, mboji ilifunika sehemu ndogo sana, pengine upana wa vitanda vinne. Nilikuwa nimefikiri itafunika shamba zima. Alichukua kiasi mkononi, akakifinya, akakinusa, kisha akavunja kipande na kutoa ndani yake kipande cha sashe nyeusi chenye ukubwa wa ukucha. Alikitia mfukoni mwa kitenge chake bila kusema neno.

Tumekuwa tukirudi kila msimu. Sehemu iliyofunikwa imefika kwenye mti wa parachichi ulio katikati ya shamba, na kutoka pale hadi kwenye mfereji bado ni nyekundu. Mfereji tunauzibua Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu, na nilitoa sashe 11, utepe mmoja wa rangi ya dhahabu, na kiatu cha mtoto.